KUPUNGUZA MZIGO KABLA YA MBIO NDEFU

Wazee wa Bagamoyo husimulia kwamba jina la mji wao latokana na maneno mawili: bwaga moyo. Katika karne ya 19 wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, walikwenda kwa miguu miezi kadhaa hadi kuiona bahari, na hapo ndipo waliposhusha mizigo na kupumzisha nyoyo zao. Wako wanaolieleza jina hilo kwa uchungu zaidi, kwa kuwakumbuka watumwa waliofikishwa pwani wakiwa wamekata tamaa ya kurudi makwao. Kwa maelezo ya kwanza, mpagazi aliutua mzigo baada ya safari. Mkimbiaji wa mbio ndefu, kinyume chake, hana budi kuutua kabla ya safari. Jambo hili wengi hawalijui, na wengine hulijua wasilifuate.

Katika miaka ya karibuni mbio za barabarani zimeenea nchini, Bara na Visiwani. Ukipita alfajiri katika njia itokayo mjini Bagamoyo kwenda Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13, si ajabu kukutana na vijana, watumishi wa serikali na akina mama wakikimbia kabla jua halijachomoza. Hili ni jambo la kupongezwa. Shinikizo la damu na kisukari ni maradhi yanayowasumbua wananchi wengi, na mazoezi ya viungo ni kinga isiyohitaji fedha nyingi.

Lakini pamoja na heri hiyo imezuka desturi isiyofaa. Kadiri siku ya mbio inavyokaribia, ndivyo watu wengi wanavyozidisha mazoezi. Mtu aliyelala miezi miwili huzinduka wiki tatu kabla ya siku yenyewe, akataka kulipa deni lake lote kwa mkupuo. Aliyejitayarisha vyema naye huingiwa na hofu, akaona kwamba siku moja ya kupumzika itamvunjia kazi ya miezi minne. Wote wawili hufika mstari wa kuanzia wakiwa wamechoka, na pengine wakichechemea. Wahenga walikwisha kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

UREFU WA MBIO

Kwanza yafaa tuelewane kuhusu jina. Siku hizi kila mbio huitwa marathoni, ziwe za kilomita 5, 10 au 21. Marathoni yenyewe ni kilomita 42 na mita 195. Kaole iko kama kilomita tano kusini ya mji wa Bagamoyo. Mtu akitoka mjini akafika Kaole na kurudi, na akafanya hivyo mara nne, bado hajaumaliza mwendo huo. Zimemsalia kilomita mbili na ushei, na hizo ndizo chungu kuliko zote. Mwendo wa namna hii haujaribiwi kwa ubishi. Hutayarishwa kwa miezi, na wiki tatu za mwisho ni sehemu ya matayarisho hayo sawasawa na zile za mwanzo, ila kazi yake ni nyingine.

Kazi ya wiki hizo ni kupunguza. Nahodha wa jahazi, kabla ya msimu wa safari, hukipandisha chombo pwani, akakikalafati na kukipaka sifa. Hakijazi shehena akakizungusha baharini usiku na mchana ili kuona kama kitavumilia. Mwili nao uko hivyo hivyo. Zoezi huuchosha na kuuchubua msuli. Kinachoujenga ni mapumziko yafuatayo zoezi. Mkimbiaji anayezidisha kilomita katika siku za mwisho hapati nguvu mpya, kwa kuwa faida ya zoezi gumu la leo huchukua siku kumi au zaidi kujitokeza. Anachokipata upesi ni uchovu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya tafiti nyingi zilizokusanywa na kulinganishwa pamoja. Ilionekana kwamba njia yenye manufaa zaidi ni kupunguza kwa muda wa wiki mbili hivi, na kupunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku za kukimbia. Msomaji azingatie sehemu hiyo ya mwisho. Haikusemwa kwamba mtu akae barazani acheze bao wiki mbili. Kinachopungua ni kilomita. Kasi hubaki, na desturi ya kutoka asubuhi hubaki, ili miguu isije ikasahau kazi yake.

Faida yake ni kama asilimia mbili au tatu ya muda wa mbio. Kwa mtu anayekimbia marathoni kwa saa nne, hizo ni dakika tano hadi saba, na hapatozwi hata senti. Kwa bingwa, hata sehemu ndogo kabisa ya hizo ni kubwa mno. Mwaka 1988, katika mbio za Boston, Juma Ikangaa wa Tanzania alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Ikangaa huyo huyo ndiye aliyeshinda mbio za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na mwezi Septemba mwaka 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Baada ya kilomita 42, tofauti yao ilikuwa kifua kuinama.

HESABU YA WIKI TATU

Tuchukue mfano wa mkimbiaji wa kawaida, mwalimu au karani, ambaye katika mazoezi yake amefikia kilomita 60 kwa wiki. Wiki tatu kabla ya siku ya mbio ndipo afanye mwendo wake mrefu wa mwisho, kama kilomita 30, kwa mwendo wa taratibu. Baada ya hapo asijaribu tena mwendo wa namna hiyo. Wiki inayofuata apunguze jumla yake hadi kilomita 45 hivi, na mwendo wake mrefu usizidi kilomita 20. Wiki ya pili apunguze hadi 30 au 35, na mwendo mrefu uwe kilomita 12. Katika wiki ya mbio yenyewe, kilomita 15 hadi 20 zatosha, zikigawanywa katika siku tatu au nne fupi.

Katika siku hizo fupi akumbuke kasi. Mara moja au mbili kwa wiki akimbie vipande vichache, dakika tatu au nne kila kimoja, kwa mwendo uleule anaokusudia kuutumia siku ya mbio, na katikati yake apumzike vya kutosha. Akimaliza ajione kwamba angeweza kuendelea. Akimaliza akiwa hoi, amezidisha.

Yako mambo yatakayomtisha. Siku ya tatu au ya nne ya kupunguza, miguu huweza kuwa mizito, maumivu madogo yasiyokuwako hujitokeza, usingizi hupotea, mtu akajiona ameanza kunenepa. Asishtuke. Uzito wa kilo moja au mbili ni wa kawaida, kwa sababu msuli unapohifadhi wanga huhifadhi na maji pamoja nao. Hiyo ni akiba atakayoitumia njiani. Balaa huanza anapotoka kwenda kukimbia kilomita 25 ili kujituliza moyo.

Wiki hizi si wakati wa kujaribu mambo mapya. Viatu vipya vinunuliwe mapema na kuzoewa. Atakayepewa fulana mpya na waandaaji aivae kwanza katika zoezi fupi, maana mshono usioonekana huchuna kwapa na chuchu baada ya saa mbili za jasho. Kazi nzito za nyumbani, kama kuchimba msingi au kubeba mifuko ya saruji, zipangiwe siku nyingine.

La muhimu kuliko yote ni homa. Pwani yetu bado ina malaria, na mkimbiaji aliyechoka huambukizwa mafua kwa urahisi. Mtu mwenye homa asikimbie, hata kama amekwisha kulipa kiingilio na kutengeneza nambari ya kifuani. Aende zahanati apimwe. Kukimbia na homa kwaweza kuudhuru moyo wenyewe. Vilevile asimeze dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki ili aweze kuanza mbio. Dawa hizo, zikikutana na joto na upungufu wa maji mwilini, huumiza figo. Mbio nyingine zitakuja. Figo haziuzwi sokoni.

CHAKULA NA MAJI

Mafuta ya chombo hiki ni wanga uliohifadhiwa katika misuli na katika ini. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Sweden, Bergström na Hultman, walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu na kuonyesha kwamba akiba hiyo huweza kuongezwa sana kwa chakula na mapumziko. Zamani mkimbiaji alitakiwa ajinyime wanga kwa siku tatu ndipo aule kwa wingi. Mateso hayo sasa hayalazimiki. Inatosha apunguze mazoezi, na katika siku mbili za mwisho ale wanga kiasi cha gramu 8 hadi 12 kwa kila kilo ya uzito wake.

Sisi watu wa pwani hatuna shida ya kuupata. Wali, ugali, mihogo, viazi vitamu, ndizi, uji na tende, vyote vimo majikoni mwetu. Lakini mwenye kilo 60 atahitaji gramu 500 na zaidi kwa siku, na hizo hazipatikani kwa sahani moja kubwa usiku wa kuamkia mbio. Agawanye chakula tangu asubuhi ya siku mbili kabla, na mlo mkubwa wa mwisho uwe mchana wa siku ya kuamkia mbio, usiku ale kidogo. Maharage, kabichi, vyakula vya mafuta mengi na pilipili viwekwe kando kwa siku hizo mbili. Supu ya pweza ina sifa zake, lakini asiyeizoea asianze kuizoea usiku huo.

Kuhusu maji kuna makosa ya namna mbili. Wako wasiokunywa kabisa, wakidhani kiu ni udhaifu. Na wako wanaokunywa lita kwa lita mpaka chumvi ya damu ikashuka, jambo linaloweza kuleta degedege na hata kifo. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 kati yao walionekana chumvi yao imepungua kupita kiasi. Kanuni nyepesi ni kunywa kwa kufuata kiu, na kutia chumvi ya kawaida katika chakula cha siku za mwisho. Dafu ni kinywaji chema, ila chumvi yake ni chache. Asiyachukue maji ya dafu kuwa badala ya kila kitu.

JOTO NA MAHALI

Kila mahali pana ushuru wake. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari alikwenda Mexico, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza njiani katika hewa ile nyembamba, akaanguka na goti likaumia. Alifungwa bendeji akaendelea, akaingia uwanjani giza limekwisha kuingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Kati ya watu 75 walioanza, 57 ndio waliomaliza, naye akiwa wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Ushujaa ule tunausimulia kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini itakuwa tumeusoma nusu ikiwa hatutasema pia kwamba mahali pa mbio hapana budi kufikiriwa tangu wakati wa matayarisho.

Ushuru wa pwani ni joto la unyevu. Jasho haliukaushi mwili vizuri kwa kuwa hewa yenyewe imejaa maji. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, hata alfajiri huwa na fukuto. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, huwa na nafuu. Mwili hulizoea joto kwa siku saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo mtu atokaye Arusha au Mbulu kuja kukimbia Bagamoyo au Unguja yafaa aje mapema, au ajizoeze katika joto huko huko kwao. Na sisi tunaokaa pwani tusilikimbie joto lote katika wiki hizi. Mazoezi mafupi yafanyike mara chache katika saa zile zile mbio zitakapokuwa.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wana neno la ziada. Avukaye bahari kuja Bara asivuke jana yake. Mawimbi humtapisha mtu, na aliyetapika usiku kucha amemwaga akiba yake yote ya wanga na chumvi. Avuke siku mbili kabla, apate kula na kulala nchi kavu.

WAJIBU WA WAANDAAJI NA SERIKALI

Mpaka hapa tumesema na mkimbiaji. Lakini matayarisho ya mkimbiaji huweza kuharibiwa na barua moja ya ofisini, na kwa sababu hiyo tuna maneno machache kwa wakuu wanaohusika katika wilaya, mikoa na vyama vya michezo.

Kwanza ni tarehe. Mbio za kilomita 42 zitangazwe miezi minne kabla, na zikishatangazwa zisihamishwe. Aliyekwisha kupunguza mazoezi, akaambiwa mbio zimesogezwa mbele wiki tatu, hawezi kuirejesha hali yake kama mtu anavyorejesha saa ya ukutani. Tarehe hiyo ipangwe kwa kutazama na kalenda ya Hijria. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe isiyo na kizuizi mwaka huu yaweza kuangukia mfungo baada ya miaka michache. Huku pwani na visiwani, kuweka marathoni ndani ya Ramadhani, au wiki moja baada ya Idi, ni kuwafungia mlango wakimbiaji walio wengi.

Pili ni saa ya kuanza. Wakimbiaji wakiondoka saa kumi na moja na nusu, baada ya sala ya Alfajiri, mwenye kutumia saa nne atamaliza saa tatu na nusu. Wakiondoka saa mbili, kwa sababu mgeni rasmi hajafika na hotuba hazijasomwa, mtu huyo huyo atakuwa barabarani saa sita mchana. Mjini Doha mwaka 2019, ingawa mbio za wanawake zilianzishwa usiku wa manane, kati ya wanariadha 68 waliobobea ni 40 tu waliomaliza. Kama joto la usiku liliwafanya hivyo mabingwa, seuze jua la utosini kwa karani na mwanafunzi? Hotuba zaweza kungoja. Wakimbiaji watazisikiliza kwa furaha zaidi wakiwa wamemaliza.

Tatu ni barafu. Mtu aliyezidiwa na joto, anayepayuka au kuanguka, hupozwa kwanza ndipo asafirishwe hospitali. Kila dakika ina thamani, na inatakiwa apozwe ndani ya nusu saa. Dawa yake ni pipa au beseni kubwa la maji yenye barafu. Pwani yetu haina ukosefu wa barafu. Ile ihifadhiayo samaki feri na minadani yaweza kuokoa maisha ya mtu ikiwa itaagizwa siku moja kabla na kuwekwa karibu na mstari wa mwisho pamoja na mganga anayeijua kazi hiyo.

Nne ni uchaguzi wa timu. Mchezaji anayetakiwa kuiwakilisha nchi katika marathoni asilazimishwe kukimbia marathoni nyingine ya majaribio wiki chache kabla. Achaguliwe mapema kwa rekodi yake, aachiwe wiki zake za mwisho, na fedha za safari zipatikane ili awasili kwa wakati. Kumchosha nyumbani kisha kumlaumu ugenini si haki.

Mwisho, wakuu wa idara wanaopenda kuwaona watumishi wao wakikimbia tunawashukuru. Wawahimize mwanzoni mwa mwaka, si kwa waraka wa wiki mbili kabla. Asiyejitayarisha kwa kilomita 42 apewe nafasi ya kukimbia tano bila kuchekwa, na aliyejitayarisha aruhusiwe kupumzika. Mwananchi akimwona jirani yake, mkimbiaji hodari, amekaa kitako Jumamosi moja kabla ya mbio akila viazi vitamu, asimwite mvivu. Yumo kazini.